Kichwa cha Jumapili cha Mamdogo Kandida

JUMAPILI YA NNE, JAMANI! Ya nne mfululizo! Mamdogo Kandida kaimba sauti ya pili toka wimbo wa kuingilia mpaka wa kutokea, kasimama nje ya kanisa anapiga stori mpaka miguu yangu mimi ndo ikachoka, tukarudi nyumbani Themi, kapika, kala, kacheka, na KICHWA HAKIJAMUUMA HATA KIDOGO!

Najua kama humjui utasema sasa hiyo nayo habari? Ni habari. Kwa miaka na miaka Jumapili kwetu ilikuwa siku ya mapazia kufungwa. Redio hapana. Kukaanga kitu hapana. Ukiburuta kiti tu unasikia sauti kutoka chumbani, "Nani huyo anataka kunimaliza?"

Ngoja nianze vizuri.

Mamdogo Kandida ni mdogo wake mama, naishi naye toka nianze sekondari. Kwetu ni Kibosho. Kazi yake ukimwambia mtu hakuamini: anaonja kahawa. Hauzi, hapiki, ANAONJA. Kuna kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa huku Arusha, ndani kuna chumba kina meza ndefu nyeupe, juu yake vikombe vimepangwa mstari. Kila mzigo wa wakulima una vikombe vyake vitano. Kahawa inakaangwa kidogo, inasagwa, inamwagiwa maji ya moto, wanasubiri dakika nne. Halafu ndo anakuja Mamdogo na kijiko chake cha duara, anavunja lile povu la juu, ananusa pua karibu izame, anachota, anafyonza. FYUUUUP! Kwa kelele kabisa. Ukifyonza chai hivyo mezani kwa Bibi unatolewa nje, ila kule kazini ukifyonza kimyakimya wanakwambia hujui kazi. Kahawa inatapakaa mdomo mzima, anaifikiria sekunde mbili tatu, anatema kwenye ndoo, anaandika maksi. Kikombe kinachofuata. Msimu ukichanganya anapita hata vikombe mia mbili kwa siku, Jumatatu mpaka Jumamosi.

Vyote anatema. Hilo lishike, utalihitaji huko mbele.

Na kuna kitu watu hawakijui kuhusu sisi. Kahawa tunalima, kwa Bibi mibuni imefika mpaka dirishani jikoni, lakini nyumbani HATUNYWI. Tunakunywa chai ya maziwa. Bibi ana miaka themanini na moja, kachuma kahawa maisha yake yote, na anavyojua yeye kahawa ni kitu cha kupeleka chamani, kule ushirika. Anayeinywa ni Mzungu na mtu mwenye baridi. Mamdogo kalelewa humo. Ukimuuliza, anajibu bila kupepesa macho, "Mimi? Kahawa sinywi. Naonja tu."

Sasa mwaka huu mambo yakawa ya moto. Mkuu wa meza ya kuonja, Mzee Melkizedeki, anastaafu Desemba. Mamdogo kafanya naye kazi miaka kumi na moja, ila leseni ya uonjaji ni ya Mzee, yeye hana. Ili akabidhiwe meza lazima apasi mtihani wa leseni, na mtihani ulipangwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Asipopasi wanaleta mtu kutoka nje, na yeye anarudi kupima unyevu wa kahawa kwenye magunia. Alishaambiwa hivyo na mabosi, kwa upole, lakini kaambiwa.

Mtihani wenyewe ni meza sita. Kila meza vikombe vitatu, viwili kahawa moja, kimoja mgeni. Unamtoa mgeni kwa ulimi. Upate meza tano kati ya sita.

Kwa Mamdogo hiyo ilitakiwa iwe mchezo wa watoto. Tatizo alishaufanya miaka miwili iliyopita na akafeli. Siyo kwamba ulimi haujui. Kichwa kilimpasuka palepale meza ya nne, mbele ya watahini, vikombe vyote vikawa na ladha ya maji ya betri. Kwa hiyo toka Julai alikuwa hatulii. Akikaa anasimama. Akisimama anaenda kupanga vikombe kabatini, anavipangua, anavipanga tena. Mimi naandika homuwek yeye anazunguka meza.

"Mamdogo, kaa basi."

"Nikikaa nafikiria."

"Na ukitembea?"

"Nafikiria nikitembea. Ina unafuu."

Tukaanza msako. Mimi kwenye simu nikawa naandika kila anachokula na saa ngapi kichwa kimeuma. Kila siku. Akimeza karanga tatu naandika karanga tatu. Akawa ananiita polisi jamii.

Cha kwanza tukaikamata njaa ya kanisani. Mamdogo bado anakomunika kwa utaratibu wa Bibi, yaani toka jana yake usiku haweki kitu mdomoni mpaka atoke misa. Padre alishatangaza mara nyingi kwamba saa moja kabla inatosha. Bishana na Bibi sasa. Tukakubaliana anywe uji saa kumi na moja na nusu alfajiri. Akanywa. Ikifika saa sita mchana kichwa hicho hapo, kama kimepewa ratiba.

Rafiki yake wa kwaya, Dada Nice, jirani yetu mlango wa pili, akasema ni parachichi. Kasoma mahali. Tukafuta parachichi. Halafu akasema ndizi mbivu. Tukafuta. Karanga. Maziwa mgando. Machungwa. Wiki ya tano Mamdogo alikuwa anakula ugali na mchicha kama mtu aliyefungwa, sketi zinazunguka kiunoni, na kichwa kiko palepale.

"Mimi nimejua," Dada Nice akasema siku moja nje ya kanisa, Mamdogo kashika ukuta kafumba macho. "Kandida una aleji ya sadaka. Kapu likianza kutembea tu, kichwa!"

Kwaya nzima ikacheka. Mamdogo naye kacheka, halafu akashika kichwa kwa sababu kucheka kunauma. Tumefika getini ndo akasema, "Unajua wanaona nadanganya? Kwa sababu Jumatatu saa nne asubuhi ninakuwa mzima kabisa."

Hapo ingetakiwa tushtuke. Hatukushtuka.

Agosti nikamburuta kwa Dokta Lesian, ana zahanati si mbali na kwetu, mtu mrefu, ana utani lakini hakimbizi mgonjwa. Akampima presha, damu, akamtazama macho, akauliza maswali kama ishirini. Kichwa kinaanzaje, upande gani, unatapika, unaona vimulimuli?

"Maji unakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Yanaharibu mdomo."

"Maji? Yanaharibu mdomo?"

"Kazini mdomo natunza."

Dokta akamwangalia. Akaandika. "Asubuhi unakula nini?"

"Mkate mkavu vipande viwili. Kitu chenye kitunguu siwezi, kinakaa ulimini."

"Mchana?"

"Nikimaliza kazi. Saa tisa, saa kumi hivi."

"Kahawa?"

"Sinywi."

"Kabisa?"

"Dokta, sijawahi kumaliza kikombe cha kahawa toka nizaliwe."

"Chai?"

"Kimoja asubuhi. Maziwa mengi, majani ya kuhesabu."

Dokta akasema presha fresh, macho fresh, ila huo mwili anauendesha kwenye njaa na ukavu. Ale asubuhi chakula cha kueleweka, uji wa lishe na yai, au ndizi za kupika. Mchana asipitishe saa saba. Maji glasi nane. Na parachichi alirudishe haraka, nani kalifuta? Nikainamisha kichwa kidogo.

Na aisee ilisaidia! Kulikuwa na kile kichwa kingine cha saa tisa alasiri siku za kazi, kile kidogo cha kukunja uso. Kikaisha ndani ya wiki mbili. Mashavu yakarudi. Tukaanza kushangilia.

Jumapili saa sita mchana. Mapazia.

Kingine cha ajabu ni vidonge. Panado alizopewa zahanati zilikuwa zinagusa kidogo tu. Ila vile vidonge vya dukani kwa Mangi, vya kichwa na uchovu, akimeza viwili nusu saa anafungua dirisha. Mimi nikaandika kwenye simu: "vya Mangi vinashinda vya dokta." Nikaona Mangi ni noma. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Basi Septemba ikaingia, na Mamdogo akaja na mpango. Tulikuwa tunamenya ndizi.

"Mara ile nilifeli kwa sababu sikupumzisha ulimi vya kutosha. Nilipumzisha siku mbili. Safari hii nachukua likizo siku tatu. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Sionji kitu. Kitunguu hapana, pilipili hapana, chai hapana, marashi hapana. Jumamosi naenda na ulimi mpya kama wa mtoto."

"Na Mzee Melkizedeki anasemaje?"

"Yeye anapumzisha asubuhi moja tu, mzee mzima yule, ulimi wake umeshakufa ganzi." Akacheka. Alikuwa na raha siku hiyo, ndo maana naikumbuka.

Jumanne akaonja kwa mara ya mwisho, akarudi, akanikataza hata kupaka mafuta yenye harufu. Jumatano asubuhi shwari. Jioni nimetoka shule namkuta kakaa kitandani kashika paji la uso.

"Siyo Jumapili leo," nikasema. Yaani ndo kitu cha kwanza kilichonitoka.

"Najua siyo Jumapili, Anneth."

Alhamisi kikazidi. Maji anakunywa, uji anakunywa, ndizi anakula, kila alichosema dokta anafanya, na kichwa kinagonga. Anaamka anatembea uani mara tano, analala, anaamka. Nikamwambia nikanunue vya Mangi, akakataa, eti vina uchungu, vitabaki ulimini. Dada Nice akaja na maji ya kuombea. Bibi akapiga simu kutoka Kibosho, nikaweka spika.

"Kandida, kuna mtu hapo kazini anaitaka hiyo kazi yako?"

"Mama, siyo mambo hayo."

"Mimi nauliza tu. Nani anakupikia chai?"

"Mama, chai yenyewe nimeacha!"

"Mae! Umeacha CHAI? Sasa unategemea nini?"

Ijumaa nimekaa darasani siko darasani. Kesho mtihani. Mapumziko ya saa nne, kwa shemeji anayeuza vocha nje ya geti ambako huwa naiacha simu, nikafungua orodha yangu, miezi mitatu, nikawa naishusha na kuipandisha. Parachichi lipo siku za kichwa na siku zisizo na kichwa. Mayai hivyohivyo. Hakuna chakula hata kimoja kinacholingana. Nikataka kuizima. Halafu nikaona Jumapili moja ya Agosti haina ile alama nyekundu ninayoweka siku za kichwa. Moja tu! Nimeandika, "kichwa hakuna, ajabu." Siku hiyo hakwenda hata misa ya asubuhi. Kontena lilikuwa linaondoka, waliitwa kazini kuonja mzigo, akaja kuimba misa ya jioni mzima wa afya.

Nikarudi nyuma kwenye akili. Krismasi, tukipanda Kibosho, kichwa kinaanza kesho yake ya likizo, mara zote tukiwa tumefika Boma Ng'ombe, tunasingizia kona na dereva. Masika, kahawa hakuna kiwandani, wiki ya kwanza anaumwa wiki nzima halafu kinakata chenyewe, tunasingizia baridi.

Kwa hiyo siyo siku anazokula kitu. Ni siku asizokwenda kazini.

Nilivyofika nyumbani nilikuwa natweta. Na nani yuko sebuleni? Mzee Melkizedeki mwenyewe, kofia magotini. Mamdogo alisahau kijiko chake kazini, na muonjaji haendi mtihani na kijiko cha kuazima, ni kama fundi kuazima mkono. Kamletea, kamkuta kajifunga khanga kichwani kama mama aliyejifungua.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Mamdogo wako anasema haendi kesho."

Nikageuka. Mamdogo kaangalia pembeni. "Sioni hata hilo kabati vizuri. Niende kuaibika tena?"

Nikaanza kusoma orodha kwa sauti, haraka haraka, maneno yanagongana. Kontena, Boma Ng'ombe, masika. "Mamdogo, ukienda kazini huumwi!"

"Sasa unataka kusema naumwa uvivu?"

Lakini Mzee Melkizedeki alikuwa anamwangalia kwa namna ya ajabu. "Kandida. Jumapili huwa unakunywa vikombe vingapi?"

"Vya nini?"

"Vya kahawa."

"Mzee, unajua mimi kahawa sinywi."

Mzee akaanza kucheka. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Miaka kumi na moja! Meza moja! Kumbe nimekaa na mtu anayelala kilabuni kila siku anasema pombe hajawahi kugusa!"

"Mimi natema, Mzee! Natema yote!"

"Unatema unachoweza kutema. Mdomo unanyonya, koo linapitisha kidogo. Kidogo mara mia mbili, Kandida, kila siku. Mwili umezoea. Jumapili hauipati, unadai. Mwalimu wangu aliniambia siku ya kwanza, nikikaa nyumbani ninywe kikombe kimoja. Mimi nilijua unajua. Mtu wa kahawa nianze kumfundisha kunywa kahawa?"

Nikampigia Dokta Lesian, nikaweka spika. Nikamweleza.

"Kandida," dokta akasema, "nilikuuliza kahawa mara mbili."

"Nikakujibu ukweli. Sinywi. Naonja."

"Unaonja vikombe vingapi?"

"Mia na hamsini. Mia mbili."

"Kwenye fomu uliandika kazi gani?"

"Mwajiriwa wa kiwanda."

"Kosa langu hilo, ningeuliza kiwanda cha nini." Akatueleza vizuri. Ndani ya kahawa kuna kafeini, chai pia inayo ila kidogo. Mwili ukiizoea halafu ukakata ghafla, kichwa kinakuja baada ya kama siku moja, kinaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, mpaka mwili uzoee kuikosa. Na vile vidonge vya Mangi? Akanisomesha nyuma ya pakiti. Kafeini imo! Ndo maana. Akasema tena tusivizoee, vidonge vya maumivu ukivimeza hovyo siku nyingi vyenyewe vinaleta kichwa. "Kwa leo kunywa kikombe kimoja kidogo, kula, maji. Kesho asubuhi kingine. Msimu ukiisha uje tupunguze polepole, siyo kukata kama mtu anachomoa umeme."

Unadhani Mamdogo alifurahi? Alisimama akaanza kuzunguka meza. "Siku tatu nimeutunza ulimi. Siku TATU. Leo ninywe kahawa, kesho nionje kahawa?"

"Kwani kazini unaonja cha kwanza tu unaenda nyumbani?" Mzee akamuuliza. "Ulimi wako umezaliwa kwenye kahawa, acha kuulea kama yai."

Akazunguka mara nyingine mbili. "Haya. Leteni."

Tatizo: nyumba ya muonja kahawa HAINA KAHAWA. Hata punje. Nikakimbia kwa Dada Nice, akachakura kabati, akanipa kopo la kahawa ya unga ya kukoroga, kutu mfunikoni. Mzee Melkizedeki akalifungua, akanusa, akalifunga.

"Hii ni ya harusi ya nani?"

"Ya kwangu," Dada Nice akasema mlangoni, alikuwa kanifuata. "Zawadi."

"Una watoto wangapi sasa?"

"Watatu."

"Msimpe," Mzee akasema. "Heri afe na heshima yake."

"Leta hapa!" Mamdogo akanipokonya, akakoroga kijiko kimoja, akasimama nacho katikati ya sebule. Sisi watatu tunamwangalia. Akaanza kufyonza, tabia tu, FYUUP, akatafuta ndoo kwa macho, ndoo hakuna, akakumbuka. Akameza. Mtu wa miaka thelathini na tisa, anameza kahawa kwa mara ya kwanza. Uso ukajikunja.

"Mbao," akasema. "Gunia lililolala chini. Na mwishoni kama raba ya kufutia." Akameza tena. "Hamsini na mbili kwa mia. Na hapo nimeionea huruma."

Mzee akajipiga paja kwa furaha. "Unaona? Kichwa kinapasuka na bado unatoa maksi! Ulimi haujaenda popote."

Kikombe kikaisha. Nikakaa na saa ya simu, naangalia kila dakika. Dakika kumi, hakuna. Ishirini, hakuna, kaanza kusema mnaona. Dakika ya thelathini na kitu akakiweka kikombe mezani. Akafungua khanga kichwani, akaikunja vizuri, akaiweka begani. Akaenda dirishani akavuta pazia, jua la jioni likaingia, na nje mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni.

"Anneth," akasema polepole, anaogopa kukishtua. "Kuna ndizi zimebaki?"

Jumamosi asubuhi kala uji na yai, kanywa kikombe kidogo, siyo cha kopo, Mzee alituma kahawa ya kueleweka. Nikamsindikiza. Mimi nje ya ukumbi, chini ya dirisha, nimetega sikio kama mtihani ni wangu.

Uzuri wa huo mtihani unasikika! Walikuwa wanane ndani, fyup, fyup, fyup, ila fyonzo la Mamdogo nalijua, refu na lina mluzi mwishoni. Meza ya kwanza, fyonzo tatu, kimya, wanahama. Ya pili. Ya tatu. Nahesabu kwa vidole. Meza ya nne, fyonzo moja... kimya. Kimya. Wengine wanafyonza, yeye simsikii. Nikasimama. Meza ya nne ndo ile ya mwaka juzi. Nikasema kimerudi. Kimerudi, na mimi ndo nimeianzisha hii habari ya kahawa. Halafu, FYUUUUP. Nikakaa chini kwenye majani.

Waliita majibu saa nane mchana. Mamdogo akatoka na karatasi, uso hausomeki, akanipita kama hatujuani, akafika kwenye jakaranda akaegemea.

"Meza ya nne nimekosa," akasema.

"Kichwa?"

"Hakuna kichwa! Ndo hivyo! Nilisimama pale nakisubiri. Nasema sasa kinakuja, sasa hivi kinakuja. Nikasahau kuonja, nikataja kikombe tu." Akanigeuzia karatasi. Tano kati ya sita. AMEPASI. Tukaruka pale chini ya mti mpaka mlinzi akatoka kuangalia.

Kwa hiyo Desemba Mzee Melkizedeki anamwachia meza. Jumapili sasa Mamdogo anakunywa uji wake mapema, kikombe kimoja kidogo cha kahawa, maji, anaenda kuimba. Dada Nice anasema aleji ya sadaka imepona, sasa atoe ya miaka yote aliyoruka. Bibi tulivyomwambia mwanaye anakunywa kahawa alinirudishisha maneno mara mbili. Halafu akauliza, "Ikoje?" Tukipanda Krismasi tunampelekea.

Simwambii mtu anywe kahawa wala aache. Kichwa kina sababu nyingi, kikija ghafla kwa nguvu au kikizidi, nenda hospitali, usikae na pazia. Ila ukifika kwa dokta mwambie KILA kitu kinachopita mdomoni, hata unachotema, hata kidonge cha Mangi, na kazi yako itaje kwa jina lake.

Basi mrushie hii stori mtu mmoja unayemjua ambaye kichwa kinamuuma siku za mapumziko tu na watu wanamcheka. Usikae nayo. Mtumie leo.